Ofa ya Kazi na Kibali cha Kazi Kanada: Mwongozo Kamili kwa Mafundi na Wataalamu wa Tanga

Fundi aliyechomelea mabomba kule Chongoleani, muuguzi wa Bombo, fundi umeme wa kiwanda cha saruji Pongwe na dereva wa lori anayepakia mzigo bandarini wana ujuzi unaoajirika Kanada. Kila mmoja wao akianza kuulizia safari hupewa ushauri uleule vijiweni: tafuta ofa ya kazi kwanza, mengine yatajipa. Nusu ya ushauri huo ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayowafanya watu wauze viwanja ili walipie barua ambayo, hata ingekuwa halali, isingewafikisha kwenye ndege.

Nataka mtu wa Ngamiani, Makorora, Muheza au Korogwe aweze kuifuata njia hii mwenyewe, akijua kila karatasi inatoka mkononi mwa nani. Hilo ndilo kubwa kuliko yote humu. Kila karatasi ina mtoaji wake mmoja, na anayekuuzia karatasi ambayo si yeye anayeitoa anakuibia.

Karatasi nne, watoaji watatu

Ofa ya kazi ni barua ya mwajiri. Inataja cheo, majukumu, mshahara, saa za kazi, mahali na muda wa ajira. Ni ahadi tu. Haikupi haki ya kuingia Kanada wala kushika spana ukiwa huko.

Karatasi ya pili ni tathmini ya soko la ajira, ambayo wengi wanaijua kwa herufi zake, LMIA. Kabla mwajiri hajamchukua mtu wa nje, mara nyingi hutakiwa kuonyesha kwamba hakumpata raia au mkaazi wa kudumu wa kuifanya kazi hiyo. Hutangaza nafasi kwa muda usiopungua wiki nne, ikiwemo kwenye tovuti ya serikali iitwayo Job Bank, kisha hupeleka ombi kwa idara ya ajira ya Kanada. Ada ni dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi na anayelipa ni mwajiri. Haruhusiwi kukubebesha wewe gharama hiyo, iwe kwa kukutoza kabla ya safari au kwa kukukata mshahara baadaye. Tathmini ikikubaliwa, anapewa yeye, naye anakupatia nakala yenye namba.

Ziko ajira zisizohitaji tathmini hiyo, kwa mfano uhamisho ndani ya kampuni moja yenye ofisi katika nchi mbalimbali. Hapo mwajiri hulipa dola 230 na kuwasilisha ofa kwenye mfumo wa serikali, akapewa namba inayoanza na herufi A ikifuatiwa na tarakimu saba.

Ya tatu ni kibali cha kazi. Hiki unakiomba wewe mwenyewe kwa idara ya uhamiaji ya Kanada, IRCC. Ni cha muda, na kwa kawaida kinakufunga kwa mwajiri mmoja aliyetajwa ndani yake. Ya nne ni ukaazi wa kudumu, ambao pia hutolewa na IRCC, na ukishaupata unaweza kufanya kazi kwa mwajiri yeyote. Wengi wanazichanganya hizi mbili za mwisho, na mawakala wasio waaminifu wanapenda zibaki zimechanganyika.

Kilichobadilika tarehe 25 Machi 2025

Wataalamu wanaotaka ukaazi wa kudumu huingia zaidi kupitia mfumo wa Express Entry, ulioanza Januari 2015. Unajaza profaili mtandaoni, unapewa alama kati ya 0 na 1,200, na serikali hualika watu wenye alama za juu kwa awamu. Zamani ofa ya kazi iliyokubalika ilikuongezea alama 50, au 200 kwa vyeo vya juu vya uongozi. Kwa alama hizo, LMIA ikageuka bidhaa ya magendo, watu wakiinunua kwa fedha nyingi.

Tarehe 25 Machi 2025 alama hizo zilifutwa kabisa, na serikali ilisema wazi kwamba inataka kukomesha biashara hiyo. Kwa hiyo leo mtu akikwambia "nikupe ofa ikupandishe pointi za Express Entry", anakuuzia kitu ambacho hakipo tena. Mwambie mzee wako, mwambie shemeji yako, mwambie na kijana wa steshenari anayewajazia watu fomu.

Hata hivyo ofa haijapoteza maana. Bado inakupa alama 10 kwenye mchujo wa awali wa wataalamu, nitakaoueleza hapo chini. Bado ni moja ya njia mbili za fundi stadi kukidhi masharti ya programu yake. Na bila ofa, mtu wa Tanga hapati kibali cha kazi kinachomfunga kwa mwajiri.

Anza na namba ya kazi yako, si na mwajiri

Kanada haitazami cheo ulichopewa, inatazama kazi unayoifanya. Kila kazi ina msimbo wa tarakimu tano kwenye orodha iitwayo NOC. Tarakimu ya pili ndiyo inayokuhusu zaidi, kwa sababu inaonyesha kiwango cha ujuzi, kuanzia 0 hadi 5. Express Entry inachukua 0, 1, 2 na 3 tu.

Fundi wa kuchomelea ni 72106: tarakimu ya pili ni 2, anafaa. Fundi umeme ni 72200, naye anafaa. Fundi makanika wa magari, 72410. Muuguzi aliyesajiliwa, 31301. Dereva wa malori makubwa ni 73300, kiwango cha 3, bado yumo. Lakini msaidizi wa mafundi ujenzi, yule wa kubeba zege na kupanga mbao, ni 75110. Hiyo 5 inamweka nje ya Express Entry hata akiwa na miaka ishirini kazini.

Fungua orodha hiyo kwenye tovuti ya serikali ya Kanada, tafuta kazi yako na usome majukumu yaliyoandikwa pale. Ukiona kwamba kweli unayafanya mengi ya hayo, huo ndio msimbo wako. Usichague msimbo kwa sababu jina lake linavutia.

Piga hesabu ya 67

Programu ya wataalamu wenye ujuzi ina mchujo wa alama 100, na unahitaji angalau 67 kabla hata ya kuingia kwenye ushindani wa ile 1,200. Mgawanyo wake ni huu: lugha hadi 28, elimu hadi 25, uzoefu hadi 15, umri hadi 12, ofa ya kazi 10, na uwezo wa kuzoea maisha ya huko hadi 10. Mbali na alama, lazima uwe na angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi ndani ya miaka 10 iliyopita, yaani saa 1,560 kwa kipimo cha saa 30 kwa wiki, na lugha isiyopungua kiwango cha 7 cha Kanada. Kwa mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS General Training, hiyo ni 6.0 katika kila sehemu: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza.

Tuchukue mfano wa muuguzi mwenye shahada moja, umri wa miaka 33, uzoefu wa miaka mitano, hajaolewa wala hana ndugu Kanada. Umri unampa 12, shahada 21, uzoefu 13. Akipata 6.0 kila sehemu, lugha inampa 16. Jumla 62. Amekosa.

Akipata ofa halali, anaongeza 10, na 5 nyingine kwenye kipengele cha kuzoea maisha. Anafika 77. Ndiyo maana watu hukimbilia ofa. Lakini tazama upande wa pili: muuguzi huyohuyo, bila ofa yoyote, akirudi mezani na Kiingereza chake hadi afikie kiwango cha 9 (kusikiliza 8.0, na sehemu nyingine tatu 7.0 kila moja), lugha inampa 24 badala ya 16. Jumla inakuwa 70, amepita. Akiishia kiwango cha 8 kote anapata 66, pungufu ya alama moja tu, hivyo sehemu moja ikipanda hadi kiwango cha 9 inamvusha.

Kwa maoni yangu hapa ndipo fedha ya kwanza ya mtu wa Tanga inapaswa kwenda: masomo ya Kiingereza na ada ya mtihani, kabla ya wakala yeyote. Kiingereza cha kiwango cha 9 kinakuongezea alama kwenye mchujo huu na pia kwenye ile 1,200, na hakuna anayeweza kukunyang'anya. Matokeo hudumu miaka miwili, kwa hiyo usifanye mtihani mapema mno huku karatasi nyingine hazijakaa sawa.

Elimu nayo lazima ithibitishwe na shirika linalotambuliwa, mojawapo likiwa WES, linalolinganisha shahada yako na ya Kanada. Ripoti yake hutumika kwa miaka mitano. Na wauguzi wakumbuke kwamba ripoti hiyo haitoshi kuwaruhusu kumgusa mgonjwa: leseni ya uuguzi hutolewa na chombo cha jimbo unalokwenda, kwa utaratibu wake.

Mafundi wa mikono mna njia yenu

Kwa mchomeleaji, fundi umeme, makanika au dereva wa lori ambaye hana shahada, kuna programu ya mafundi stadi. Haina mchujo wa 67. Inataka uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, na lugha ya chini zaidi: IELTS 5.0 kusikiliza na kuzungumza, 4.0 kuandika, 3.5 kusoma. Kisha inataka kimojawapo kati ya viwili: cheti cha ufundi kilichotolewa na jimbo la Kanada, au ofa ya ajira ya muda wote isiyopungua mwaka mmoja, inayoweza kutoka kwa mwajiri mmoja au wawili. Cheti cha jimbo ni vigumu kukipata ukiwa Tanga, kwa sababu hutegemea mitihani ya huko. Kwa hiyo kwa fundi, tofauti na muuguzi wa mfano wetu, ofa ndiyo mlango wenyewe.

Cheti cha VETA hakichukui nafasi ya cheti cha jimbo. Lakini kinamwonyesha mwajiri kwamba ulisomea kazi, na unaweza kukiambatisha kwenye ombi lako. Kama ulijifunza gereji tu bila cheti, fanya mtihani wa VETA sasa.

Ushahidi wa kazi uliyofanya

Hii ndiyo sehemu inayowaumiza watu wetu zaidi. Wengi tumefanya kazi kwa makubaliano ya mdomo, tumelipwa mkononi, na bosi tulimwita mjomba. Ofisa wa uhamiaji hamjui mjomba.

Unahitaji barua kutoka kila sehemu uliyofanya kazi, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, ikiwa na jina lako, cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu, majukumu yako ya kila siku, na jina, cheo, saini na mawasiliano ya anayesaini. Barua isemayo tu kwamba "alikuwa mfanyakazi mwaminifu na mwenye bidii" ni nzuri kwa harusi, haina msaada hapa. Mwandikie ofisa utumishi orodha ya majukumu yako halisi ili asikosee, lakini usinakili maneno ya NOC neno kwa neno, maana maofisa wanayajua kwa moyo.

Barua hiyo iegemeze kwa mambo mengine. Taarifa ya michango yako ya NSSF au PSSSF ni ushahidi mzuri, kwani inaonyesha mwezi kwa mwezi ni nani alikuwa mwajiri wako. Ongeza hati za mshahara, mkataba, na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia. Ikiwa kampuni ilifungwa, kama ilivyotokea kwa mashamba na viwanda kadhaa vya mkonge, tafuta aliyekuwa msimamizi wako akuandikie barua, uiambatishe na NSSF na barua yako ya maelezo.

Mwenye gereji yake Barabara ya 12 anaweza kuhesabiwa pia kwenye programu ya wataalamu, kwa sababu kazi ya kujiajiri nje ya Kanada inakubalika. Akusanye namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, risiti na ankara, na barua za wateja zinazotaja kazi iliyofanywa na malipo.

Halafu majina. Huku kwetu mtu ni Ramadhani kwenye kitambulisho cha NIDA, Ramadhan kwenye cheti cha kidato cha nne, na Shekue yuko kwenye karatasi moja lakini hayuko kwenye nyingine. Linganisha cheti cha RITA, NIDA, vyeti vya shule na pasi ya kusafiria kabla hujaanza lolote. Panapotofautiana, rekebisha kwenye ofisi husika au ule kiapo cha majina mbele ya wakili. Nimeona tofauti ya herufi moja ikizaa barua za kuulizana kwa miezi.

Na usighushi. Kudanganya au kuficha jambo muhimu kwenye ombi huleta marufuku ya miaka mitano, na anayefungiwa ni mwombaji, si wakala aliyemjazia fomu.

Kutafuta ofa na kuipima

Anza na Job Bank. Ina sehemu ya wanaotafuta kazi kutoka nje, yenye waajiri walio tayari kuajiri wageni. Idara ya ajira pia huchapisha mara kwa mara orodha ya waajiri waliokubaliwa LMIA, ikitaja kazi na jimbo. Watu wachache wanaijua orodha hiyo, na mimi naiona kama hazina. Mwajiri aliyekwisha kuajiri wachomeleaji wa kigeni anajua utaratibu na hataogopa makaratasi. Mwandikie moja kwa moja, na wasifu wa kurasa mbili usio na picha, dini wala hali ya ndoa.

Ofa ikija, ipime hivi. Tafuta kampuni mwenyewe, kwa namba ya simu uliyoipata wewe na si iliyoandikwa kwenye barua, kisha piga uulize kama nafasi hiyo ipo. Angalia anwani ya barua pepe: kampuni halisi kwa kawaida haitumi ofa kwa anwani ya bure ya mtu binafsi. Hakikisha mwajiri hayumo kwenye orodha ya serikali ya waliokiuka masharti. Soma mshahara, na ukiwa mara tatu ya wengine wa kazi hiyo, kaa macho. Usaili uliofanyika kwa ujumbe wa simu peke yake, bila mtu kukuuliza lolote la kiufundi, si usaili.

Fedha ndiyo kipimo kikubwa. Mwajiri hakutozi kwa ajili ya kazi. LMIA hailipwi na wewe. Ada za serikali ya Kanada hulipwa kwenye akaunti yako ya IRCC, hazitumwi kwenye namba ya simu ya mtu aliyejitambulisha kuwa ofisa.

Wakala wa hapa nchini anayepeleka watu kazini nje lazima awe na leseni ya serikali. Omba kuiona, kisha iulizie kwa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, au ofisi ya kazi. Na mtu yeyote anayelipwa kukushauri au kukuwakilisha kwenye ombi la uhamiaji la Kanada lazima awe wakili wa huko au mshauri aliyesajiliwa na chombo kiitwacho College of Immigration and Citizenship Consultants, ambacho kina daftari la wazi mtandaoni. Mshauri ambaye jina lake halimo, usimlipe.

Ukialikwa kwa ukaazi wa kudumu

Profaili hukaa hai miezi 12. Mwaliko ukija una siku 60 za kuwasilisha kila kitu, ndiyo maana nimesisitiza karatasi mapema. Ada ya mwombaji mkuu iliwekwa dola 1,525 za Kanada mwezi Aprili 2024. Utahitaji cheti cha polisi, vipimo vya afya kwa daktari aliyeidhinishwa, na akiba ya kujikimu: viwango vya Julai 2025 vilikuwa dola 15,263 kwa mtu mmoja na 28,362 kwa familia ya wanne. Anayesamehewa akiba ni mwenye ofa halali ambaye tayari ana ruhusa ya kufanya kazi Kanada, au aliyepitia programu ya uzoefu wa Kanada, ya waliokwisha kufanya kazi huko. Fedha iwe yako kweli, si ya kukopeshwa ipite benki wiki moja.

Ukiwa na ofa: ombi la kibali cha kazi

LMIA ikishatoka usikae nayo, kwa kuwa ina muda wake wa mwisho, usiozidi miezi sita. Fungua akaunti ya IRCC, jaza fomu, pakia pasi, ofa, nakala ya LMIA yenye namba, mkataba, vyeti, na barua za kazi. Ada ni dola 155, na alama za vidole na picha dola 85. Baada ya kulipa utapata barua ya kukuelekeza ukachukuliwe alama hizo, na una siku 30. Kituo kiko Dar es Salaam, kwa hiyo panga safari ya basi siku moja kabla na ulale huko. Kwa kukaa zaidi ya miezi sita, mtu anayeishi Tanzania huhitaji pia vipimo vya afya.

Ofisa atajiuliza maswali mawili: unaweza kweli kuifanya kazi hii, na utaondoka muda ukiisha usipoongezewa? Andika barua fupi ya maelezo inayoyajibu yote mawili kwa mifano ya kazi yako, na kwa familia au mali uliyonayo hapa.

Ombi likikubaliwa, hutumiwi kibali. Unapata barua ya utambulisho, na visa inabandikwa kwenye pasi. Kibali chenyewe huchapishwa na ofisa wa mpakani siku unapotua Kanada. Hivyo mtu akikuletea "kibali" kilichokwisha kuchapishwa ukiwa bado Raskazone, ni cha kughushi bila haja ya kukichunguza.

Weka barua ya utambulisho, ofa, LMIA na vyeti kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku. Ofisa akishakupa kibali, kisome palepale kabla hujaondoka dirishani: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mwajiri, kazi, mahali na tarehe ya kuisha. Palipokosewa, mwombe arekebishe hapohapo, kwa sababu ukishatoka nje marekebisho ni ombi jingine la kusubiri.